Divai Iliyokuwa Bado Inachemka

Mchuzi wa zabibu una harufu mbili. Siku za kwanza unanukia utamu, kama jamu inayopikwa nyumba ya pili, na nyuki wote wa Manyoni wanapata habari. Kisha harufu inageuka, inakuwa kali na chachu, inapanda puani na kukaa huko, na mgeni akiingia ndani kutoka juani anapiga chafya kabla hajasalimia. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu nilipokuwa darasa la nne. Ilikuwa kwenye mapazia, kwenye blanketi, na kwenye sare yangu ya shule hata baada ya kufuliwa na kuanikwa siku nzima. Neno lenyewe lilinipa taabu. Wakulima wa zabibu upande wa Dodoma huita mchuzi ile juisi iliyokamuliwa ambayo bado haijawa divai, na mama, aliyezaliwa huko, hakuwa na neno jingine. Nilipomweleza mwalimu kwamba nimechelewa kwa sababu tulikuwa tunahamisha mchuzi kutoka pipa hadi pipa, darasa zima liliangua kicheko, wakataka kujua nyumbani kwetu tunasonga ugali wa ukubwa gani. Niliitwa Mwaja Mchuzi hadi nilipomaliza shule ya msingi.

Mama ni Mgogo na baba alikuwa Mnyaturu. Mama alipoolewa alikuja Manyoni kwa treni na furushi la pingili za mizabibu zilizofungwa ndani ya gunia bichi, kwa kuwa kaka zake waliamini huko anakokwenda hakuna kitu cha maana cha kupanda. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa utani mwingi, na alimpa kipande cha shamba la ukoo nyuma ya nyumba yetu, mahali palipobaki tembe la zamani la bibi. Ndugu zake waliitazama ile mizabibu kama mchezo wa bi harusi ambao ungeisha wenyewe. Kwao shamba lilikuwa mtama, uwele na alizeti. Baba alipofariki, utani uliisha. Hakuna aliyemfukuza mama, na sitaki kusema walimtendea vibaya, kwa maana msibani walilia kweli na walimchimbia ndugu yao kaburi zuri. Walichosema, kwa upole na baada ya kula, ni kwamba mizabibu ni ya mama lakini ardhi ni ya ukoo, na mizabibu ikiondoka, shamba limerudi kwa wenyewe.

Waliolitaka shamba hasa walikuwa baba zangu wadogo wawili, ambao tayari walishakubaliana nani atalima upande gani. Mwenye kauli ya mwisho alikuwa Baba Mkubwa, kaka yao wa kwanza, mtu mrefu na mkimya ambaye hata salamu aliijibu baada ya kuifikiria. Alisikiliza pande zote, akauliza maswali machache kuhusu zabibu, kisha akatoa uamuzi. Mama apewe muda hadi harusi ya Neema, binti wa Baba Mkubwa mwenyewe, ambayo ingefanyika kabla ya mvua. Ikiwa kufikia siku hiyo mizabibu itakuwa imetoa kitu ambacho ukoo mzima unaweza kukiona na kukikubali kuwa kina maana, ibaki. La sivyo ing'olewe, alizeti ipandwe na mvua za kwanza. Mama alisema sawa shemeji, akakusanya sahani. Mimi nilimchukia Baba Mkubwa kuanzia jioni hiyo, na nilimchukia kwa bidii, kama mtoto anavyoweza kufanya kazi moja bila kuchoka.

Tatizo la mama halikuwa kutengeneza divai. Alijua kuitengeneza tangu akiwa msichana. Tatizo lilikuwa soko. Manyoni iko kwenye barabara ya Dodoma, na divai ya huko ilikuwa imejaa madukani, ina lebo nzuri na chupa zinazofanana. Nani angeiacha hiyo akanunue ya Mama Mwaja iliyofungwa kwenye chupa za kuokota? Wenye fedha walikunywa bia, wasio nazo walikunywa wanzuki wa asali, na jirani zetu Waislamu pamoja na waliookoka walikunywa soda. Divai ya mama ilinunuliwa na watu waliomwonea huruma kwa sababu ni mjane, nao walinunua mara moja tu.

Hapo ndipo alipokuja Mama Kisima. Tulimwita hivyo kwa sababu mumewe, Mfaransa, alikuwa mhandisi wa mradi wa kuchimba visima, na yeye mwenyewe hakuwa na kazi maalumu zaidi ya kutembea na kofia pana na kusalimia watu. Kiswahili chake alijifunza kwa wanawake waliopanga foleni ya maji, na kwa kuwa wengi wao walikuwa Wagogo, alimwamkia kila mtu kwa mbukwenyi ya Kigogo, hata Wanyaturu, hata afisa aliyetoka Singida mjini kukagua mabomba. Siku moja alisimama kwenye ua wetu akiangalia mizabibu kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. Mama alimkaribisha ndani, mgeni akapiga chafya kama wote, akapewa divai kwenye kikombe cha chai. Aliionja, akaizungusha mdomoni muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ameshindwa kuimeza. Kisha akauliza watu wa Manyoni hununua divai lini. Mama alijibu papo hapo kwamba hununua kwenye harusi, wakati wa kufungua shampeni.

Hilo lilikuwa kweli, na bado ni kweli. Harusi yetu inaweza kukosa pilau ya kutosha, inaweza hata kukosa umeme, lakini haiwezi kukosa shampeni. Mshereheshaji anawasimamisha maharusi, watu wanahesabu, kizibo kinaruka, povu linamwagika, vigelegele vinapigwa, na baada ya hapo glasi zinagongwa. Ndani ya chupa kunaweza kuwa na kitu chochote kinachotoa povu, hata juisi isiyo na kilevi. Kwetu shampeni ni tendo zaidi ya kinywaji. Mama Kisima alifurahi kusikia hivyo, akafumba macho kidogo, akaanza kutueleza habari za kwao.

Alitoka mkoa unaoitwa Alsace, mashariki ya Ufaransa, mpakani na Ujerumani, ambako baba yake alilima zabibu kwenye miteremko ya vilima. Huko nao walitengeneza divai ya povu, na waliitengeneza kwa njia ileile ya shampeni: divai inawekwa kwenye chupa pamoja na sukari na hamira, inafungwa, inachemka mara ya pili humohumo, na hewa inayokosa pa kutokea ndiyo inayokuja kuwa povu. Lakini hawakuruhusiwa kuiita shampeni. Shampeni ni jina la mkoa mwingine, na wenye mkoa wao wanalilinda jina hilo hadi mahakamani. Wa kwao huita divai yao kremanti. Kazi ni ileile, mgongo unaouma ni uleule, alisema, ila mnunuzi wa mbali anatafuta jina, kwa hiyo kremanti inauzwa kwa bei ya chini na baba yake alizeeka akilalamika.

"Kumbe ni kama kuku wetu," mama akasema.

Ikabidi naye amweleze Mama Kisima kwamba Dar es Salaam kila kuku wa kienyeji anaitwa kuku wa Singida, hata kama ameanguliwa Kibaha, na watu wa Mtinko, huku mkoani Singida, wanaofuga hao kuku wenyewe hawapati lolote kwa jina lao kutangazwa sokoni. Wafaransa walikuwa wamefanya kitu ambacho Singida haikuwahi kukifikiria, yaani kumzuia mwenzako asimwite kuku wake wa Singida. Mama aliwaona wachoyo, lakini aliwaheshimu. Wakakubaliana siku hiyohiyo kwamba harusi ya Neema itafunguliwa kwa divai ya povu iliyozaliwa Manyoni, na kwamba isiitwe shampeni.

Nimeonja vinywaji vingi tangu wakati huo, lakini sijaona kilichosumbua watu kama kile. Chupa za kawaida zilipasuka. Tulikuwa tumekaa tunachambua mchele tukasikia mlio kutoka kwenye tembe, halafu mwingine, na tulipofungua mlango tulikuta vigae vya chupa na sakafu inayonata. Mama Kisima alieleza kwamba msukumo wa ndani unahitaji chupa nene yenye kitako kilichobonyea, basi mama akazunguka kwenye kumbi za harusi, Manyoni na hata Singida mjini, akiomba chupa tupu za shampeni za watu wengine. Vizibo vya gome na waya wa kuvifungia viliagizwa Ufaransa, vikaletwa na mgeni wa mradi ndani ya sanduku la nguo. Tembe la bibi, lenye kuta nene za udongo na paa la udongo, lilikuwa na ubaridi ambao Mama Kisima alisema unalingana na ghala la chini la baba yake. Fundi seremala alitoboa mbao, chupa zikachomekwa shingo chini, na kila siku mama na mimi tulizishika moja moja, tukazitikisa kidogo na kuzizungusha ili machicha ya hamira yaliyotuama ndani yateremke hadi kwenye kizibo. Mama upande wa kulia, mimi kushoto, hatuzungumzi. Nadhani ndiyo miezi niliyokaa naye kwa ukaribu kuliko yote, na nilikuwa na furaha, ingawa nilijua kabisa tunachokipigania.

Ugumu uliobaki ulikuwa muda. Kwao, Mama Kisima alisema, sheria inataka kremanti ikae juu ya machicha yake si chini ya miezi tisa. Mama akasema basi ni mimba. Lakini harusi ilikuwa imeshapangwa, mvua hazisubiri, na ilibidi chupa zifunguliwe kabla ya wakati. Kila chupa iligeuzwa haraka, machicha yakaruka nje na povu kidogo, ikajazwa, ikafungwa upya kwa waya. Mama Kisima alifanya kazi hiyo akinung'unika kwa Kifaransa. Mimi niliandika lebo kwa mwandiko wangu bora: Divai ya Povu, Manyoni.

Harusi ilifanyika uani kwa Baba Mkubwa, chini ya turubai. Mshereheshaji aliletwa kutoka Singida mjini, kijana wa suti inayong'aa, na alipoisoma lebo yangu akaigeuza chupa kutafuta jina la kweli. Hakulipata, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba sasa ni wakati wa shampeni. Mama Kisima alifunika uso. Watu wakahesabu, kizibo kikaruka na kupiga turubai, povu likapanda jeupe na kumwagika kwenye mikono ya bwana harusi, na vigelegele vilivyopigwa havikuwa vya huruma. Niliwaona baba zangu wadogo wakitazamana. Niliona mama akijishika kifua. Maharusi waligonga glasi, wakanywa, Neema akaomba aongezwe. Kisha trei zikapelekwa mstari wa mbele kwa wazee wa ukoo, wale ambao maoni yao ndiyo yaliyotakiwa.

Wazee walipokea glasi kwa mikono miwili, wakashukuru, wakazitazama. Vitone vya hewa vilikuwa vinapanda bila kukoma. Yeyote aliyekulia kwenye nyumba inayopika pombe ya mtama anajua maana ya jambo hilo: pombe inayotoa povu bado inachemka, na inayochemka haijaiva, na ukiinywa itaendelea kuchemkia tumboni mwako hadi kesho. Ni aibu kumpa mgeni pombe ya namna hiyo, lakini ni aibu zaidi kwa mgeni kusema. Kwa hiyo hawakusema. Mmoja baada ya mwingine waliziweka glasi chini ya viti, kwa adabu kubwa, na mmoja akaifunika yake kwa kisahani ili nzi wasiingie. Wakaendelea kuongea habari za ng'ombe. Mama Kisima aliniuliza kwa sauti ya chini wanafanya nini. Nikamwambia wanasubiri iive.

Walisubiri muda wote wa chakula. Jua liliingia upande mmoja wa turubai na kuzipasha joto zile glasi, na povu ambalo tulilitafuta kwa miezi, kwa chupa za kuomba na vizibo vya Ufaransa, likaisha lenyewe chini ya viti bila mtu kulionja. Mama aliangalia bila kusogea. Hatimaye Baba Mkubwa aliiokota glasi yake, akaiangalia kwenye mwanga, akaona imetulia, akainywa polepole hadi mwisho. Wazee wengine wakafuata. Kisha akasimama kutoa shukrani kwa waliohudhuria, na alipomaliza shukrani hakukaa.

"Ndugu zangu mnakumbuka kuna neno tulilisema kuhusu lile shamba," alisema. "Nimeionja divai ya shemeji. Ni nzuri, lakini imeletwa ikiwa bado inachemka. Haijaiva. Mimi siwezi kuamua juu ya kitu kisichoiva. Tuisubiri."

Mama Kisima alikuwa ameshainuka. Binti wa Alsace, mjukuu wa wakamuaji zabibu, alikuwa anaambiwa mbele ya umati kwamba divai yake ni mbichi kwa sababu ina povu, na shingo yake ilikuwa nyekundu. Mama alimshika mkono akamrudisha kwenye kiti. Kisha mama akasimama yeye, akapiga goti kidogo kama anavyofanya mbele ya wakwe, akasema kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa turubai.

"Ni kweli, shemeji. Tuliiwahisha."

Haikuwa uongo, kwa kuwa miezi tisa haikutimia, na Mama Kisima alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale. Mmoja wa baba wadogo akauliza itasubiriwa hadi lini, na Baba Mkubwa akamjibu kwamba kitu kinasubiriwa hadi kiive. Muziki ukapigwa. Mvua zilipokuja, mizabibu ilikuwa bado imesimama.

Mwaka uliofuata Baba Mkubwa alikuja nyumbani, akaketi, akapewa glasi, akasubiri povu liishe, akanywa. Akasema bado. Mwaka uliofuata alisema hivyohivyo. Mimi nilizidi kumchukia, kwa sababu nilikuwa nimekua kiasi cha kujua divai yetu ni nzuri, na niliona anamfanya mama aishi kama mpangaji asiyejua atahamishwa lini. Kisha mradi wa visima uliisha, Mama Kisima akarudi kwao akilia, vizibo vya gome vikaisha, na mama akaacha kutengeneza divai ya povu. Alirudia divai ya kawaida, na siku hizi hata hiyo hatengenezi sana. Anauza mchuzi kwa wasindikaji wa Dodoma, ambao wanamfuata kwa gari hadi mlangoni. Hata hivyo Baba Mkubwa aliendelea kuja kila mwaka, akinywa divai tulivu isiyo na tone la hewa, na kusema bado.

Sasa nafanya kazi Dodoma, kwenye duka la vinywaji la jumla. Kremanti ya Alsace inatufikia, si nyingi, na ninapofungua kasha lake huwa naikagua lebo nikijiuliza kama mteremko wa yule mzee aliyelalamika uko humo. Wateja huishika, huuliza kama ni shampeni, na nikiwaambia si shampeni huirudisha rafuni. Wengi wao ni vijana wanaotaka kupiga picha povu likiruka. Hawana habari na miezi tisa, na hakuna anayeiweka glasi chini ya kiti. Harusi za Manyoni nazo zimehamia kwenye kumbi zenye viyoyozi. Siwalaumu. Kinywaji kile kilitengenezwa kinywewe na povu lake, na kwa hilo vijana wako sahihi kuliko wazee wetu wote.

Baba Mkubwa alifariki mwaka jana. Baada ya kumaliza msiba ukoo ulikaa kikao cha mashamba, na nilimsindikiza mama nikiwa na wasiwasi, maana baba wadogo wamezeeka lakini wana watoto wa kiume, na watoto hao wana matrekta ya kukodi. Daudi, mtoto wa kwanza wa Baba Mkubwa, ndiye aliyeongoza. Alitaja shamba moja moja na neno ambalo marehemu aliliacha juu yake. Alipofika kwa mama alisema baba yake alimwagiza hivi: lile la zabibu lisiguswe, divai yake bado haijaiva. Watu wote chumbani walijua kwamba divai ile haijatengenezwa kwa miaka mingi. Niliwatazama baba wadogo. Mmoja alikohoa, na Daudi akaendelea na shamba linalofuata.

Niliangua kilio hapohapo, na wanawake wakadhani namlilia marehemu, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa mara ya kwanza. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza mama kama Baba Mkubwa alijua, siku ile ya harusi, kwamba povu lilikuwa ndiyo divai yenyewe.

"Shemeji yangu alikunywa pombe tangu ujana wake hadi uzee," alisema. "Wewe unadhani hakuijua iliyoiva?"